Kanyaga, Shikilia, Usiachie

Anayehama nyumba hana akili siku hiyo. Akili kaifunga kwenye boksi pamoja na sahani. Hivyo ndivyo alivyoamini Shemeji, na ndiyo sababu, alipoona godoro limeegemezwa kwenye nguzo ya baraza, alipunguza mwendo wa pikapu mpaka ikawa inatambaa, akatoa kichwa dirishani na kumshukuru Mungu kimoyomoyo. Mungu, bila shaka, alikuwa na maoni yake.

Geti lilikuwa wazi. Barazani, mwanamume mnene aliyevaa singlendi alikuwa amekalia boksi, akiitazama barabara kama mtu aliyeahidiwa lori na lori lisije. Mwanamke aliyekuwa naye alichuchumaa sakafuni akifunga glasi moja moja kwa gazeti, taratibu, huku akiimba kwa sauti ya chini. Uani kulikuwa na gari dogo la bluu, boneti juu, upande mmoja umenyanyuliwa na kukalishwa kwenye kigogo. Gurudumu la mbele lilikuwa limetolewa, na kalipa, lile dude la chuma linaloibana sahani ya breki, lilikuwa limening'inizwa kwa waya.

Shemeji alimeza mate. Watu wanahama, usafiri umewatupa mkono, na gari lao limefumuliwa breki! Riziki ya namna hiyo mtu huitafuta hata mwaka mzima asiione.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri, ila lilikuwa limetajwa katika malalamiko ya watu wengi mno, kwa hiyo alikuwa amelipumzisha. Hili la Shemeji lilimjia kutokana na kazi. Aligundua zamani kwamba ukimwita mtu kaka, anakuuliza kaka kwa mama yupi. Ukimwita bosi, anashika mfuko wake. Lakini ukimwita shemeji, anaanza kutafuta kichwani ni dada yake yupi umemwoa, na wakati anatafuta, wewe umeshapita getini.

Ovaroli yake ilikuwa na maandishi makubwa mgongoni: MTAALAMU WA BREKI, TUNAKUFUATA NYUMBANI. Utaalamu wenyewe ulikuwa maneno matatu. Aliyaokota kwenye gereji moja alikokuwa akifagia, kabla hawajamfukuza pamoja na ufagio wao, ambao hawakuuona tena. Mafundi walikuwa wakitoa upepo kwenye breki. Mmoja ndani ya gari, mguu kwenye pedali. Mwingine amelala chini, anafungua kijinati ili upepo uliojificha kwenye mafuta utoke. "Kanyaga!" anapaza sauti wa chini. "Shikilia! Usiachie!" Maana wa juu akiachia mguu kabla wa chini hajafunga kijinati, upepo unarudi ndani na kazi inaanza upya.

Fundi angeona hapo namna ya kutengeneza breki. Shemeji aliona namna ya kumfunga mtu bila kamba. Tangu siku hiyo alizunguka mitaani akiwaambia wenye magari kwamba breki zao zina upepo, akawaweka kwenye pedali, akawaambia shikilia, usiachie hata nikifa, kisha akaenda kuangalia nyuma ya nyumba kuna nini. Kwa mtindo huo alipata pampu ya maji, baiskeli, majembe kadhaa na, siku moja aliyobeba kitu kilichofunikwa kitambaa bila kuuliza, kasuku aliyemtukana njia nzima.

Kasuku huyo ndiye aliyemvunjia nyumba. Mkewe alivumilia pampu, akavumilia baiskeli, lakini ndege alipoanza kumwita yeye kwa jina la mwanamke mwingine, wa huko alikotoka, alifunga nguo zake akarudi kwa mama yake. Ilichukua ujumbe mwingi na wajomba wengi mpaka mama mkwe akakubali kumjaribu mkwe wake kwa mara ya mwisho. Mama mkwe huyo aliuza vitunguu kwa jumla, na pikapu ndiyo ilikuwa mikono na miguu yake.

"Umesema wewe siku hizi ni fundi breki," alimwambia asubuhi hiyo, ufunguo ukiwa bado kiganjani mwake. "Haya. Zangu zimelegea. Zifumue, zirudishe jioni, na mkeo utamkuta amekaa mlangoni na mfuko wake. Ikipotea pikapu, usirudi hapa hata kuomba maji."

Shemeji aliapa kwa vyote vinavyoapiwa. Na tusimwonee: alimpenda mkewe. Hilo halikuwa uongo, ingawa alikuwa amelisema mno kwa sauti ile ile ya kuuzia uongo kiasi kwamba hata yeye ilimpa shida kulitofautisha. Mpango wake ulikuwa wa heri kabisa. Angepata kitu mahali, angekiuza, angemlipa fundi wa kweli, na jioni angerudi na breki kali na uso wa mtu aliyetulia. Ndivyo alivyokuwa akiitafuta njia nyofu, kwa kupitia vichochoro.

"Hodi wenyewe!" aliita, akiingiza pikapu uani. "Shemeji, za hapa?"

Mnene alimtazama. "Shemeji kwa nani?"

"Kwa yule yule," Shemeji akajibu, akashuka. "Na poleni kwa kuhama. Kuhama ni nusu ya kufiwa."

"Mwache, baba," mwanamke alisema bila kuinua macho kutoka kwenye glasi. "Siku kama hii hata mpita njia ni ndugu."

Shemeji alilizunguka lile gari la bluu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kidaktari. "Nani kawafungulia breki hivi?"

"Fundi," mwanamke akasema. "Kafungua, kasema anakwenda kununua vipuri, hatujamwona mpaka leo."

"Watu wengine jamani!" Shemeji aliumia kweli. "Hawa ndio wanaotuharibia jina. Sikilizeni. Mimi ndiyo kazi yangu. Naifanya hapa hapa nyumbani kwa mtu, akiona kwa macho yake. Nazifumua, nazifunga, natoa upepo. Na pikapu hiyo hapo tupu. Nyinyi pakieni vyombo vyenu wakati mimi nahangaika na breki; nikimaliza nawapeleka mnakohamia. Usafiri bure. Breki mtanipa chochote."

"Bure?" Mnene aliinuka kutoka kwenye boksi.

"Baba," mwanamke akamkatiza, "mtu akitenda wema usimhoji."

Wakatazamana. Shemeji aliliona lile tazamano na akalitafsiri kuwa ni shukrani. Baadaye alipata nafasi ya kulitafsiri upya.

Basi wakapakia. Iliingia televisheni, likaingia friji, ikaingia cherehani na zulia la sebuleni. Shemeji hakuweza kukaa akitazama watu wakipanga mizigo ovyo, maana aliiona kama ni yake tayari. Akavua ovaroli mikononi, akaifunga kiunoni, akabeba kabati peke yake mpaka mgongo ukalia. "Hicho kioo kisigusane na friji!" alionya. "Wekeni godoro katikati!" Alifunga kamba mwenyewe, akaivuta, akaikagua, akaongeza fundo. Kisha akaigeuza pikapu ikaelekea getini, akaacha ufunguo mahali pake na simu yake kwenye kiti. Mjanja hutengeneza njia ya kutokea kabla hajaingia. Njia aliyoitengeneza ilikuwa nzuri mno. Kasoro yake ni kwamba hakuiandika jina lake.

Jambo moja lilimgusa kidogo. Mlango wa jikoni ulikuwa umeng'oka bawaba. "Watoto," mwanamke alisema alipomwona anautazama, na Shemeji akakubali, maana watoto ndivyo walivyo. Angekuwa na shaka, shaka hiyo ingezimwa na zile glasi. Ni nani duniani anayefunga glasi kwa gazeti, moja moja, huku akiimba, kama si mwenye glasi?

"Sasa," alisema, akipangusa mikono, "breki zinataka watu wawili. Shemeji mkubwa, wewe ingia ndani ukanyage. Mama, wewe chuchumaa hapa kwenye gurudumu, shika chupa hii na kampira haka. Mimi nitakuwa natoa amri, halafu nitakwenda mara moja kwenye pikapu kuchukua mafuta ya breki. Nikisema shikilia, ni kushikilia. Ukiachia kabla sijarudi, upepo wote unarudi ndani."

Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote aliyowahi kuipanga. Mume kafungwa na pedali, mke kafungwa na chupa, mizigo imefungwa na wenyewe. Moyoni alijionea huruma kwamba hapakuwa na mtu wa kumpigia makofi.

"Kanyaga!"

Mnene akakanyaga. Hakuna kilichotokea.

"Hiyo ni klachi, shemeji."

"Ah. Na hii?"

"Hiyo ni mafuta. Ya katikati, ya katikati!"

Mnene akainama kuitafuta ya katikati, kitambi kikabonyeza honi, na honi ikalia mpaka mwanamke akashtuka na kutazama barabarani. Wakaanza tena. Safari hii mguu uliipata pedali, ukaigonga kama unaua mende, ukaruka. Safari iliyofuata aliachia palepale alipoambiwa ashikilie. Kisha akasema ana jongo kwenye kidole gumba, na kwamba daktari alimkataza kabisa kukanyaga vitu vigumu.

Msomi yeyote ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona fani yake ikifanywa vibaya akanyamaza. Shemeji aliyekuwa na pikapu imejaa, geti wazi na ufunguo mahali pake, alihitaji tu kugeuka na kuondoka. Watu wale hata wasingemfukuza, mmoja na jongo lake, mwingine na chupa yake. Badala yake alipandwa na hasira ya haki.

"Toka, toka nikuonyeshe," alisema. "Hii ni kazi, si mchezo."

Mnene akatoka kwa unyenyekevu mkubwa. Shemeji akaingia, akakivuta kiti mbele, akanyoosha mgongo, akaweka mguu. "Tazama. Unashusha taratibu, kama unamwamsha mgeni. Hivi. Tena. Hivi. Mama, vipi huko?"

"Ehee!" mwanamke akaitikia kutoka chini. "Naona kitu kinatoka!"

"Ni upepo huo. Unatoka?"

"Unatoka mzima mzima, Shemeji!"

Na kweli pedali ilianza kulainika, ikashuka, ikashuka zaidi, mpaka ikagusa sakafu. Shemeji hakuwahi kuona breki zikimtii namna hiyo. Alijisikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi, fundi.

"Sasa nishikilie?" aliuliza, kwa utani.

"Shikilia," mwanamke akasema. "Usiachie."

"Na akiachia inakuwaje?" Mnene aliuliza kando ya mlango, kama mwanafunzi anayetaka kuelewa.

"Akiachia imekula kwetu," Shemeji akafafanua. "Upepo unarudi, kazi yote bure. Wapo walioua silinda nzima kwa kuachia mguu kidogo tu."

"Basi usiachie, Shemeji, hata tukifa."

"Siachii."

Mbele yake boneti ilikuwa imesimama, kwa hiyo hakuona kitu ila bati la bluu. Alisikia hatua. Alisikia mlango wa pikapu, halafu wa pili. Injini ikawaka. Wanaisogeza kivulini, aliwaza. Friji halipendi jua. Ikaingia gia ya kwanza. Kivuli kilikuwa karibu na geti, sawa. Ikaingia ya pili. Labda wameona kivuli kingine, kizuri zaidi. Pikapu ya mama mkwe ilikuwa na tabia ya kukohoa ikiingizwa gia ya tatu, na sasa, mbali kidogo, ikakohoa. Mtu haingii gia ya tatu ndani ya ua.

Shemeji alielewa. Alielewa yote kwa mpigo: godoro, bawaba, glasi, jongo. Akawaza kuruka na kukimbia. Lakini mguu haukutoka kwenye pedali. Alijua hakuna silinda itakayokufa. Uongo huo ulikuwa wake, aliutunga mwenyewe, siku ya mvua, akiwa amelala. Ila alikuwa ameusema mara nyingi mno kwa sauti ya kuaminika, na mguu ulikuwa umemwamini. Akabaki ameshikilia, akinong'ona, "Mjinga wewe. Mjinga, mjinga, mjinga wewe," na kila alipolitaja neno hilo alilikandamiza kwa unyayo.

Alikuwa bado katika ibada hiyo kivuli kilipoanguka dirishani. Mwanamke mwembamba, mwenye miwani, alisimama na mfuko mdogo wa duka la vipuri mkononi. Alimtazama Shemeji, akaitazama baraza tupu, akautazama mlango wa jikoni, kisha akarudi kwa Shemeji.

"Wewe ni nani, na unafanya nini ndani ya gari langu?"

"Fundi wa breki," Shemeji akasema. Ulimi ulijibu wenyewe.

"Fundi wa breki ni mimi," mwanamke akasema. "Mimi ni daktari wa meno, leo sina zamu, nimezifungua mwenyewe asubuhi, nikaenda kununua raba za kalipa. Nyumba yangu iko wapi?"

"Nyumba ipo, dada. Vilivyomo ndivyo..."

Daktari hakungoja mwisho. Alikuwa ameona kitu chini. Akainama kwenye gurudumu, akachovya kidole, akakirudisha juu kikiwa kinang'aa mafuta, na kwa mkono wa pili akaokota kipande cha chuma cha mviringo kilichokuwa kimebingirika hadi kwenye mchanga.

"Umekanyaga pedali?"

"Nilikuwa natoa upepo."

"Kalipa ikiwa imening'inia kwa waya? Haina kitu cha kubana? Pistoni umeisukuma nje yote, na mafuta yote yako chini." Alisema polepole, kama anamwonyesha mgonjwa jino lililooza. "Hakuna fundi duniani anayefanya hivyo. Wewe ni mwizi. Kaa hapo hapo. Na huo mguu, kwa nini bado umekanyaga?"

Shemeji aliutazama mguu wake. Akauachia.

Daktari akapiga simu polisi mbele yake. Hapo ndipo Shemeji, kwa kukosa njia nyingine, alipojaribu kusema kweli. Alisema yeye si mwizi wa nyumba hiyo. Yeye ni tapeli wa kawaida aliyepita. Alisema wezi walikuwa wawili, mmoja ana singlendi, na kwamba amewasaidia kubeba kabati akidhani anawaibia. Alisema pikapu ilikuwa ya mama mkwe. Kadiri alivyosema kweli ndivyo ilivyozidi kunuka uongo, na yeye mwenyewe, mtu wa fani, aliona kabisa kwamba hadithi hiyo asingeinunua hata kwa mkopo.

"Huyo mama mkwe ana simu?" Daktari aliuliza.

"Dada yangu, tuwasubiri polisi tu."

"Namba."

Akaitaja. Ilikuwa ndiyo namba pekee aliyoijua kwa kichwa, kwa sababu ya kuikwepa. Daktari akaiweka simu kwenye sauti kubwa juu ya dashibodi, akaeleza kwa ufupi: kuna mwanamume hapa, ovaroli imeandikwa hivi, nyumba yangu imeibwa yote, anasema ni mkwe wako.

"Ni mkwe wangu," sauti ya mama mkwe ikasema, nyuma yake kelele za sokoni. "Na ni mwongo, mwanangu, tangu namjua hajawahi kuniambia hata saa kwa usahihi. Lakini nyumba yako hakuiba yeye. Kuiba nyumba nzima ni kazi, kunataka mtu aliyeamka mapema. Huyo waachie watu wa usalama wamhoji, watachoka wenyewe. Nipe niseme naye."

Daktari akaisogeza simu.

"Shikamoo, mama," Shemeji akasema.

"Pikapu yangu iko wapi?"

Uongo ulikuja mara moja, ukiwa umevaa na kuchana nywele. Iko kwa fundi, mama, wanamalizia gurudumu la nyuma. Iko njiani. Iko mahali salama kabisa. Yote yalikuwa mdomoni, tayari, na angeweza kulisema lolote likampa siku mbili za kupumua. Akawaza mlango wa nyumba ya mama mkwe na mkewe amekaa na mfuko wake, nywele amesuka upya kwa ajili ya jioni hiyo, na kwa mara ya kwanza uongo ulimchosha kabla hajausema.

"Imeibiwa, mama," akasema. "Nimeiacha na ufunguo, wamenidanganya, wameondoka nayo mbele ya macho yangu. Nisamehe."

Zilisikika tu kelele za watu wakipigania bei.

"Umesema nini?"

"Imeibiwa. Nimetapeliwa. Pikapu haipo."

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema, na ile sauti yake ya kugombeza ilikuwa imemtoka yote, "siku zote ukinidanganya mimi nalala usingizi. Nasema, huyu ananidanganya, basi kitu kipo mahali, kitarudi. Leo kwa mara ya kwanza umenitisha."

Nyuma yake sauti nyingine ya kike, iliyokuwa karibu, iliuliza, "Mama, kasemaje? Inarudi jioni?"

"Kasema kweli," mama mkwe akamjibu, na Shemeji akamsikia mkewe akianza kulia.